Historia ya Ufipa haijafika darasani

Wahunzi wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yenye kimo cha kumpita mtu mzima. Tanuru hilo halikuvuviwa. Upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini, ukavutwa juu na moto wa makaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Majembe ya kigeni pamoja na utawala wa kikoloni viliizima kazi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Tumeanza na habari hizi kwa kuwa mtoto anayesoma Laela, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, anaweza kumaliza shule bila kuzisikia. Hatumlaumu mwalimu wake. Kitabu cha kiada huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, nacho hakiwezi kubeba habari za kila wilaya.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kutumika, yale tuliyozoea kuyaita Maarifa ya Jamii yamegawanyika. Sasa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na lipo la Jiografia na Mazingira. Historia hiyo hufundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, nasi tunaliona hilo kuwa jambo jema. Lakini utafiti mkubwa juu ya Ufipa umeandikwa kwa Kiingereza: kitabu cha Roy Willis cha mwaka 1981 juu ya dola za kale za Ufipa, na kazi za mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda juu ya ufuaji chuma. Ni mwalimu gani wa shule ya msingi atavipata vitabu hivyo, avisome, kisha avitafsiri usiku kwa ajili ya kipindi cha asubuhi?

Mahali pa kuifanya kazi hiyo papo. Serikali ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao humtaka mwalimu ajifunze akiwa kituoni kwake. Walimu hukutana katika Jumuiya za Kujifunza, huchagua mada inayowasumbua, huandaa somo kwa pamoja, mmoja hulifundisha, kisha hurudi kulijadili. Lalamiko tulilolisikia kwa walimu, si wa Rukwa peke yao, ni kwamba vikao vingine huishia kwenye kusaini mahudhurio. Kikao kimoja kikitengwa kwa ajili ya Nkansi na Lyangalile, dola mbili zilizogawana Ufipa, mwalimu atatoka na kurasa mbili za Kiswahili ambazo jana hazikuwapo. Muhula ukiisha, kurasa hizo zimekuwa kijitabu.

Kisha wapo wazee. Hapa wasomaji wetu wana desturi ya kuwafaa walimu, kwani tangu madrasa tumefundishwa kuuliza: habari hii umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani? Mwanafunzi aliyetumwa kwa babu yake aandike jina la msimulizi, umri wake, na mtu aliyemsimulia. Babu wawili wakitofautiana, zote mbili ziandikwe. Mwalimu asiifute hata moja kwa kuwa haikubaliani na kitabu. Kazi hii haingoji bajeti, na wazee hawatungoji sisi.

Jiografia nayo ina shamba lake la mfano. Mkulima wa Kifipa hufukia majani katika matuta ya mviringo mvua zikiwa bado zinanyesha, yaoze, kisha msimu unaofuata huyasambaza na kupanda ulezi. Darasa zima laweza kwenda kutazama kwa miguu, na mwenye shamba akawa mwalimu wa siku hiyo.

Tahadhari moja: mahali penye mabaki ya matanuru, wanafunzi watazame, wapime na kuchora, wasichimbue wala kubeba kitu, hata kile kinachoitwa mavi ya chuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya aina hiyo. Ila mzazi mwenye jembe la kale alilorithi nyumbani anaweza kuliazima shule kwa kipindi kimoja. Dakika 40 zinatosha, na jembe litarudi jioni hiyo hiyo.