Mgawanyiko wa Waanglikana (2): Nani mwenye kauli ya mwisho?

Katika makala ya kwanza tuliona jinsi Uanglikana ulivyoingia Tanganyika na Zanzibar kwa milango miwili. Wamisionari wa UMCA waliweka makao Unguja mwaka 1864, wakithamini sakramenti, ubani na mamlaka ya askofu. Wale wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakiweka mbele Biblia na wongofu wa mtu mmoja mmoja. Leo tunaingia kwenye swali linaloulizwa na waumini wengi: imekuwaje Kanisa lenye Askofu Mkuu wa Canterbury lishindwe kukata shauri moja la ndoa na mahusiano ya jinsia moja kwa zaidi ya miaka 25?

Askofu Mkuu wa Canterbury si Papa. Anaheshimiwa kama wa kwanza miongoni mwa walio sawa naye, anaitisha mikutano na kuiongoza, lakini hana uwezo wa kumwondoa askofu wa Dodoma wala wa New York. Kila jimbo lina katiba yake, sinodi yake na askofu mkuu wake. Mkutano wa Lambeth, ambao tangu mwaka 1867 huwakusanya maaskofu wa dunia nzima takriban kila miaka 10, hutoa maazimio, hautungi sheria. Asiyelishika jambo hili atasoma habari za mzozo huu mwaka baada ya mwaka na hatajua kwa nini haziishi.

Mwaka 1998 maaskofu walipitisha Azimio la Lambeth namba 1.10 kwa kura 526 dhidi ya 70, na 45 hawakupigia upande wowote. Lilisema ndoa ni muungano wa maisha wa mwanamume na mwanamke, kwamba vitendo vya ushoga havipatani na Maandiko, na kwamba mkutano hauwezi kushauri mahusiano ya jinsia moja yabarikiwe wala walio ndani yake wapewe daraja takatifu. Sehemu hiyo inajulikana sana. Inayosahaulika ni ile inayowataka maaskofu wawasikilize mashoga, inayowahakikishia kwamba wanapendwa na Mungu, na inayolaani hofu isiyo na msingi dhidi yao. Kura zile 526 zilipigiwa azimio zima. Lakini huku kwetu tumeshika nusu ya kukataza, na wenzetu wa Marekani wakashika nusu ya kusikiliza, kisha kila upande ukamshtaki mwenzake kwa kuvunja ahadi. Kwangu mimi hilo ni kosa la pande zote mbili, na limewaumiza watu wengi.

Mwaka 2003 Kanisa la Episkopo la Marekani lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyeishi waziwazi na mwenzi wake wa kiume, kuwa askofu wa New Hampshire. Mwaka huohuo dayosisi ya New Westminster, Kanada, ilianza kubariki mahusiano ya jinsia moja. Tume iliyoongozwa na Askofu Mkuu Robin Eames wa Ireland ikapendekeza mwaka 2004 kuwe na agano litakaloyafunga majimbo yote. Agano liliandikwa, likajadiliwa, na mwaka 2012 likaangushwa na dayosisi za Uingereza kwenyewe: 26 zililikataa, 18 zililikubali. Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, aliliunga mkono kwa nguvu zote na bado hakuweza kuzishurutisha dayosisi za nchi yake.

Kabla ya hapo palikuwa na Dar es Salaam. Februari 2007 maaskofu wakuu wa majimbo walikutana jijini, na baadhi yao, akiwamo Peter Akinola wa Nigeria, walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na Katharine Jefferts Schori, mkuu wa Kanisa la Marekani. Mkutano ukawapa maaskofu wa Marekani hadi Septemba 30 mwaka huo watoe ahadi ya kuacha walichokuwa wakifanya. Tarehe ilifika, majibu yakaja nusunusu, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutoa adhabu. Mwaka 2008 Wamarekani walikaribishwa Lambeth, isipokuwa Robinson. Maaskofu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika, wakasusia. Kabla tu ya Lambeth, wapinzani walikuwa wamekutana Yerusalemu na kuanzisha vuguvugu la GAFCON.

Siku za mkutano ule wa Dar es Salaam, maaskofu walivuka bahari wakasali Mkunazini, Zanzibar, katika kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Kiti cha askofu cha kanisa hilo kiliwahi kukaliwa na Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Mwaka 1913, maaskofu wa Mombasa na Uganda waliposhiriki ushirika mtakatifu na Wapresbiteri kule Kikuyu, Weston aliwashtaki kwa uzushi mbele ya Canterbury. Canterbury ikajibu kwa upole usiomridhisha mtu. Mwaka 1915 akatangaza kwamba hana tena ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa kumpa cheo mwanatheolojia ambaye Weston aliona anatia shaka imani. Askofu wa Afrika kuvunja ushirika na askofu wa Uingereza kwa ajili ya mafundisho ni jambo lililotokea kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ushoga haukuhusika.

Ndiyo maana sikubali maelezo mepesi ya "Afrika dhidi ya Wazungu". Desmond Tutu wa Afrika Kusini aliwatetea mashoga hadharani. Huko Uingereza wapo mapadre wengi waliopinga uamuzi wa sinodi yao ya Februari 2023 wa kuruhusu sala za baraka kwa wenzi wa jinsia moja, ingawa fundisho la ndoa halikubadilishwa.

Oktoba 2025 Sarah Mullally, Askofu wa London, alitangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza. Siku chache baadaye Laurent Mbanda, Askofu Mkuu wa Rwanda na mwenyekiti wa GAFCON, alitangaza kwamba wao ndio sasa ushirika wa Waanglikana duniani, na kwamba baraza la maaskofu wakuu litachagua kiongozi wake. Mullally alipingwa kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja: kuunga mkono sala zile, na kuwa mwanamke. Lakini sababu hizo haziendi njia moja. Kenya, iliyokuwa mwenyeji wa GAFCON mwaka 2013, iliwaweka wakfu Emily Onyango na Rose Okeno kuwa maaskofu mwaka 2021.

Hapo baraza jipya litakutana na swali la zamani. Je, litaweza kuiambia Kenya iache kuwaweka wakfu maaskofu wanawake? Likiweza, litakuwa limejipa mamlaka ambayo Canterbury haijawahi kuwa nayo. Lisipoweza, halitakuwa na nguvu kuliko Lambeth iliyoachwa.

Makala ijayo itaeleza jinsi katiba ya Kanisa Anglikana Tanzania inavyogawa mamlaka kati ya dayosisi na jimbo. Kabla ya hapo namwomba msomaji alitafute Azimio 1.10, alisome lote, na alipeleke kwenye kikundi chake cha Biblia lisomwe lote.