Kipimo cha Selimundu: Majibu Yaaminiwe Kiasi Gani?

Wachumba wawili wamepima damu kabla ya ndoa. Karatasi ya binti inasema "chanya", ya kijana inasema "hasi". Binti anarudi nyumbani akilia kwamba ni mgonjwa. Kijana anafurahi kwamba hana neno. Huenda wote wawili wamekosea. Mwezi huu tuone kwa nini.

Tuelewe kwanza

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ambayo hubeba oksijeni. Kila mtu hurithi aina yake kutoka kwa baba na kwa mama. Mwenye AA hana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mwenye AS amerithi upande mmoja tu. Kwa kawaida ni mzima, lakini aweza kumrithisha mtoto. Mwenye SS ni mgonjwa. Wenye AS wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS.

Mambo yanayopotosha majibu

1. Aina ya kipimo. Katika zahanati nyingi tone la damu huchanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, kisha hutazamwa kwa hadubini kama chembe zinajikunja mfano wa mundu. Kipimo hiki huonyesha kwamba S ipo, basi. Hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa mfano kile cha umeme kiitwacho elektroforesisi.

2. Umri. Mtoto mchanga bado ana himoglobini nyingi ya tumboni, iitwayo F. Akipimwa kwa njia ile rahisi kabla ya miezi 6, majibu yaweza kuwa hasi kumbe ana SS.

3. Kuongezewa damu. Chembe nyekundu za aliyetoa damu zaweza kuishi mwilini mwako hadi siku 120. Ukipima mapema, unapima damu yako pamoja na ya mwenzako, na mwenye SS aweza kuonekana AS. Ni vizuri kusubiri miezi 3 hadi 4, na kumweleza mpimaji.

4. Talasemia. Huu nao ni ugonjwa wa himoglobini wa kurithi. Aina yake iitwayo beta huonekana zaidi katika nchi za Mediterania, Uarabuni na Asia. Anayeibeba, kama hana S, atapata "hasi" katika kipimo cha hadubini. Lakini akizaa na mwenye AS, mtoto aweza kurithi vyote viwili akaugua selimundu.

5. Upungufu wa madini ya chuma. Mwenye kubeba talasemia ya beta hutambuliwa kwa kiasi cha himoglobini A2 kilichopanda. Chuma kikipungua mwilini, A2 nayo hushuka, na talasemia yaweza kujificha.

6. Uzembe. Chupa mbili zikibadilishwa majina, hata mashine bora itatoa majibu ya mtu mwingine.

Tufanye nini?

Tusiridhike na neno "chanya" au "hasi". Tuulize: Nimepimwa kwa njia gani? Mimi ni AA, AS au SS? Kama majibu hayapatani na hali ya mgonjwa au ya wazazi wake, kipimo kirudiwe, ikibidi katika hospitali kubwa. Karatasi ya majibu itunzwe vizuri.

Turudi kwa wachumba wetu. Binti yule huenda ni AS tu, mzima kabisa. Kijana naye, kabla ya kufurahi, aulize kama damu yake ilitenganishwa au ilitazamwa kwa hadubini tu. Heri kurudi maabara leo kuliko kuvunja uchumba, au kupanga uzazi, kwa kutegemea karatasi isiyosema yote.