Kreti la chuma: pima kabla hujamlipa fundi

Unapeleka parachichi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, na unataka kreti la chuma kwa fundi wa kuchomelea? Subiri kidogo.

1. Gari. Pima bodi ya kirikuu kwa ndani kwanza, ndo umpe fundi vipimo.

2. Uzito. Shiti ya mm 1 ina karibu kilo 8 kwa mita ya mraba. Kreti la sm 60 kwa 40, kimo 40, linafika hapo hata bila fremu. Bora engo na wavu.

3. Kimo. Sm 25 inatosha. Likizidi, matunda ya chini yanapondeka, na mtu mmoja haliinui.

4. Ndani. Fundi asage maungio, apake rangi, wewe tandika sponji. Tunda likikwaruzwa, mteja anashusha bei.

Tengenezesha moja tu kwanza. Likifika soko salama, agiza mengine.