Zumari ikilia Unguja, wewe na watoto wako mko wapi?

Je, msomaji mpenzi, ni lini mara ya mwisho mtoto wako alimwona mtu akipiga udi, fidla au ngoma kwa mikono yake mwenyewe? Sisemi katika simu wala katika televisheni. Nasema kumwona kwa macho, jasho likimtiririka usoni, vidole vikienda mbio juu ya nyuzi, naye mtoto amesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Kama unajikuna kichwa kutafuta jibu, usione haya. Hauko peke yako. Katika miji yetu mingi muziki umehamia ndani ya visanduku, na katikati ya mji pamebaki kelele za magari na vipaza sauti vya wauzaji wa dawa za panya.

Wazee walinena kwamba zumari ikilia Unguja, hucheza hata walio bara kwenye Maziwa Makuu. Walikuwa wakisema juu ya nguvu za kisiwa kile katika enzi za masultani. Lakini ukifika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwezi wa Februari, utaona kwamba msemo huo una maana nyepesi zaidi. Zumari hulia kweli, na watu hucheza kweli, tena katikati ya mji, mzee kwa kijana, mwenyeji kwa mgeni. Twende pamoja ukajionee, kisha utaamua mwenyewe kama kuna la kujifunza.

JOTO LA KASKAZI

Kwa watu wa pwani mwaka hugawanywa na pepo. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuleta ubaridi. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Desemba na kuendelea hadi Machi, na hapo joto huwa kali hata usiku mtu hawezi kukaa ndani. Zamani kaskazi ndiyo iliyosukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Mabaharia walikaa mjini miezi kadhaa wakingoja upepo ugeuke, na mtu anayengoja hukosa la kufanya jioni. Akiwa na ngoma ataipiga, akiwa na sauti ataimba. Kwa hiyo kukusanyika nje wakati wa joto na kusikiliza muziki si jambo lililoletwa juzi na watalii.

Mwaka 2004, katika msimu huo huo wa joto, lilifanyika kwa mara ya kwanza tamasha la Sauti za Busara. Uwanja wake mkuu ni Ngome Kongwe, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Mahali palipojengwa kwa ajili ya vita sasa pana jukwaa. Sharti la tamasha ni moja tu, nalo halina mjadala. Anayepanda jukwaani apige ala kwa mikono yake na aimbe kwa koo lake. Hakuna kufungulia muziki uliorekodiwa kisha mtu akafungua na kufumba mdomo mbele ya watu waliolipa.

JIONI MOJA FORODHANI

Fikiria umefika alasiri. Mbele ya ngome kuna bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jua likianza kuzama, vijana wa mjini hupanda ukutani na kujirusha baharini huku watoto wakipiga makofi. Wauzaji wa vyakula huwasha taa na majiko. Moshi wa mishikaki unakupiga puani. Huyu anakata pweza, yule anakamua maji ya muwa kwa ndimu na tangawizi, na pale pembeni mama mmoja anakorogea urojo katika bakuli, akitia bajia, viazi na chachandu.

Mara unasikia tarumbeta. Ni beni inakuja! Tamasha huanza kwa maandamano mitaani, na beni huwa mbele. Hii ni ngoma iliyozaliwa katika pwani yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu walipoziiga bendi za kijeshi za wakoloni kwa maringo na kejeli. Nyuma yao hufuata vikundi vya ngoma, wacheza sarakasi na watoto wasioalikwa na mtu. Mabibi hutazama kutoka vibarazani. Hakuna anayedaiwa kiingilio hapo, maana mtaa ni wa wote.

Ukiingia ngomeni usiku, utakuta taarabu ya ala kamili, yaani ganuni, udi, fidla, nai, akordioni na dumbaki. Angalia kina mama wanavyoinuka mmoja mmoja, wakitembea polepole kwa kucheza, noti mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapogusa jambo lake. Anayetunza husema bila kufungua kinywa, na aliyekusudiwa huelewa. Baadaye huenda kikapanda kikundi cha kidumbaki, ndugu maskini wa taarabu, chenye vingoma viwili vidogo, fidla, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai, kijiti na kamba moja. Mtoto wako akiona muziki mtamu namna ile unatoka katika sanduku la chai, atajua kwamba ufukara wa vifaa si ufukara wa akili.

MUZIKI ULIOTOKA KWA WENYE VYUNGU

Usidhani kwamba muziki huu ulikuwa wa kila mtu tangu hapo. Taarabu iliingia Unguja kupitia jumba la kifalme. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma kijana mmoja Misri kwenda kujifunza kupiga ganuni ili aje kumburudisha. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mtu wa ng'ambo ya mji, wa Ng'ambo hasa, alisikia kwa mbali tu.

Aliyeufungua mlango alikuwa mwanamke aliyeuza vyungu. Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, akahamia mjini, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote hii. Aliyemfuata katika njia hiyo ni Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzeeni na kutunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005. Alifariki Aprili 2013. Hata alipokuwa bibi mkongwe alipanda jukwaa la Ngome Kongwe na kushika ngoma yake, na vijana wa umri wa vitukuu wakamshangilia.

Ndiyo maana nasema, unapompeleka mtoto kusikiliza muziki wa namna hii katikati ya mji, humpeleki kwenye starehe tu. Unampeleka kwenye somo la historia ambalo halina mtihani.

NGOMA IVUMAYO HAIDUMU?

Sasa tuje kwenye lililo gumu. Muziki wa jukwaani una gharama. Wasanii husafirishwa, hulazwa na kulishwa, mitambo hukodishwa, walinzi hulipwa. Kiingilio cha wenyeji huwekwa chini kuliko cha wageni, na ni haki iwe hivyo, kwani mji ni wao. Kuna miaka ambapo jukwaa la bure limewekwa pale Forodhani. Lakini fedha za kuziba pengo sharti zitoke mahali, na zisipotoka ngoma hunyamaza. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu fedha za kutosha hazikupatikana. Fikiria mwenye nyumba ya wageni, mpishi wa Forodhani, fundi cherehani na kijana wa teksi, wote waliokuwa wakiutegemea mwezi ule. Tamasha lilirudi mwaka 2017, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa.

Hali kama hiyo ilikikumba chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 2002 ili vijana wafundishwe taarabu, kidumbaki na ngoma kabla wazee hawajaondoka na elimu yao. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza hadharani kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa wafadhili. Naam, watu hupiga makofi tamasha likifika, lakini karo ya mwalimu wa ganuni haina mlipaji.

Karibu na Ngome Kongwe kuna jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ukuta unapoanguka watu husikia kishindo na magazeti huandika. Muziki unapoanguka hakuna kishindo. Mpiga nai hufa, mwanawe huuza nai, na siku moja mtu anauliza, "Kwani hapa palikuwa na nini zamani?"

WASIWASI WA WAZAZI

Najua wapo wazazi watakaosema, "Matamasha haya ni ya ulevi na mavazi mabaya. Mimi sipeleki mwanangu huko." Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Unguja ni mji wa dini na heshima, na wenyeji wenyewe wamelalamika mara nyingi kuhusu wageni wanaotembea mitaani nusu uchi. Pia wapo wanaoishi jirani ambao wana watoto wachanga na wagonjwa, na ngoma ya usiku wa manane si burudani kwao.

Hata hivyo, dawa ya hayo si kuwaachia wengine uwanja. Familia zinapobaki nyumbani, tamasha hubaki mikononi mwa wasio na familia, na hapo ndipo hugeuka kuwa kile tunachokihofia. Mahali penye bibi ameketi na wajukuu, mlevi huona aibu. Saa za alasiri na magharibi ni za familia. Nenda wakati huo, ukale, ukasikilize, kisha urudi watoto wakalale. Usiku wa manane waachie wenye nguvu zao.

UKITAKA KWENDA

Kwa msomaji wa Kenya safari si ngumu, ila yataka matayarisho. Kwa barabara utapita Lungalunga na Horohoro, kisha Tanga hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo boti huchukua kama saa mbili kufika Unguja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tafuta chumba mapema, maana wakati wa tamasha vyumba vya bei nafuu hujaa. Mama, chukua leso mbili tatu. Baba, vaa suruali ya heshima unapotembea mitaani. Weka pesa ndogo ndogo karibu, kwani huenda wimbo ukakugusa ukataka kutunza. Kama Februari haikufai, tamasha la filamu la ZIFF lililoanza mwaka 1998 kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka, nalo pia huwa na muziki.

ANZA HAPO ULIPO

Lakini si kila mtu ana nauli ya Unguja, na hilo si kosa. Jiulize kuhusu mji wako. Lamu wana tamasha lao la utamaduni, ambapo punda na majahazi hushindana na washairi hughani. Wana pia Maulidi, ambayo huujaza mji wote kwa matwari na kasida. Mombasa wana bustani ya Mama Ngina iliyokarabatiwa mwaka 2019. Nakuru, Kisumu, Machakos na Kitale kote kuna viwanja katikati ya mji na kuna wapiga nyatiti, wapiga zumari na kwaya zisizo na pa kuimbia. Kinachokosekana aghalabu ni mtu wa kusema, "Jumamosi hii, saa kumi, tukutane pale."

Wanaoweza kusema hivyo ni kina mama wa chama, walimu, wazee wa mtaa na vijana wa kwaya. Ombeni kibali kwa serikali ya kaunti. Tafuteni mzee mmoja anayejua ala yake, mpeni kiti na maji ya kunywa, na mumlipe. Ndiyo, mumlipe, hata kama ni kidogo. Kisha waiteni watoto waketi mbele kabisa, mahali wanapoweza kuona vidole vyake.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Basi usichelewe, msomaji. Yule mzee mwenye ala mtaani kwenu hana miaka mingi ya kukungoja.