Gridi ya Taifa na Umeme wa Rumonge

Gridi ya taifa ni mtandao wa nyaya, vituo vya kupoza umeme na mitambo ya kuzalisha, vyote vikiwa vimeunganishwa kiasi kwamba hitilafu ya upande mmoja huhisiwa papo hapo upande wa pili. Nchini Burundi mtandao huo unaendeshwa na Regideso, shirika la umma linalozalisha umeme, kuusafirisha, kuusambaza na kuuuza, pamoja na kupeleka maji ya bomba mijini. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mjini Uvira nchini Kongo, jina la Regideso lipo pia, kwa kuwa mashirika haya mawili yana asili moja katika enzi ya Wabelgiji. Ila Kongo iliukabidhi umeme kwa SNEL, shirika lililoanzishwa mwaka 1970, na Regideso ya huko ikabaki na maji.

Ukanda wa Rumonge, kando ya ziwa hilo upande wa Burundi, una utajiri wa nguvu za maji. Milima iliyo nyuma ya mji inapanda kupita meta 2,000, na uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye meta 770 hivi, kwa hiyo mito inashuka kwa kasi katika masafa mafupi. Mradi wa Jiji na Mulembwe, unaogharamiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulipangwa kutoa megawati 32.5 katika kituo cha kwanza na 17 katika cha pili. Upande wa kaskazini kuna kituo cha Ruzibazi, megawati 15, kilichojengwa kwa msaada wa China. Viwango hivi ni vikubwa kwa nchi ambayo Rwegura, chenye megawati 18 tu, kilikuwa kwa miaka mingi kituo chake kikubwa kuliko vyote.

Basi mkazi wa Rumonge anauliza swali la haki kabisa: umeme ukizalishwa mlimani, kwa nini taa zizimike bondeni? Jibu ni kwamba kituo cha kuzalisha hakimlishi jirani yake moja kwa moja. Umeme wa Jiji unaingia kwenye gridi na kuchanganyika na wa vituo vya Rwegura na Mugere na wa mto Ruzizi. Mji unaupokea kutoka kwenye gridi, kwa kadiri ya uwezo wa kituo cha kupoza na laini zinazouhudumia. Nyaya za msongo mkubwa zinaweza kupita juu ya paa za kijiji zisikipe hata taa moja, kwa sababu kuutoa umeme humo kunahitaji transfoma na vifaa vya gharama kubwa.

Msongo huo mkubwa una sababu yake. Kiasi kile kile cha umeme kikisafirishwa kwa kilovolti 110 badala ya 30, mkondo ndani ya waya unapungua karibu mara nne, na nguvu inayopotea kama joto inapungua zaidi ya mara kumi na tatu. Laini ndefu ya msongo mdogo hudhoofika kadiri inavyokwenda, na wa mwisho kwenye laini ndiye anayeumia. Mashine ya kusaga mihogo ikiwashwa, balbu za jirani zinafifia. Mota ya mashine hiyo, ikipata volti pungufu huku mzigo ukiwa ule ule, huvuta mkondo mwingi zaidi, koili zake zinapata joto, na mwishowe inaungua. Hasara ya namna hii huangukia mwenye mashine, na haionekani katika hesabu za shirika.

Kazi ngumu kuliko zote katika kuendesha gridi ni kuulinganisha uzalishaji na matumizi, sekunde kwa sekunde. Gridi inatakiwa kubaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Watu wakiwasha vitu vingi jioni, mitambo inaanza kulegea na mizunguko inashuka. Vidhibiti vya mitambo vinafungua maji zaidi. Maji yakiwa hayatoshi, kama inavyotokea mwishoni mwa kiangazi, linabaki jambo moja tu: kuzima baadhi ya laini. Mgao huo unaudhi, lakini usipofanywa kwa mpango mitambo hujizima yenyewe mmoja baada ya mwingine na nchi nzima huingia gizani. Linaloweza kulaumiwa kwa haki ni mgao usiotangazwa, unaomkuta muuza samaki na friji iliyojaa.

Gridi ndogo inapata nafuu kwa kushikana na majirani. Kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya Burundi, Rwanda na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, unagawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Nchi nyingine zimetenganisha kazi za kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme. Uganda ililivunja shirika lake la umeme mwaka 2001 na usafirishaji ukapewa kampuni ya UETCL. Kenya iliunda KETRACO, kampuni ya kusafirisha umeme, mwaka 2008. Burundi, kwa sheria ya mwaka 2015, ilifungua mlango kwa wazalishaji binafsi, na kituo cha jua cha Mubuga, megawati 7.5, kilianza mwaka 2021. Lakini nyaya na mauzo yamebaki kwa Regideso. Shirika moja hurahisisha uamuzi. Ubaya wake ni kwamba bei ya umeme ikiwekwa chini ya gharama, fedha za kutengeneza transfoma za zamani ndizo zinazokosekana kwanza, na mita za Cash Power, ambazo mteja hulipia kabla ya kutumia, zinaziba sehemu tu ya pengo hilo.

Vijiji vilivyo mbali na laini viko chini ya ABER, wakala wa umeme vijijini, unaoweza kujenga mitandao midogo ya maji au jua. Mtandao wa aina hiyo unapaswa kujengwa kwa volti, mizunguko na vipimo vile vile vya taifa, ili gridi ikifika, nguzo na mita zilizopo ziunganishwe bila kung'olewa.