Hata Kisiagi cha Masii ni Kiwanda

Zikitajwa ajali za viwandani, wengi wetu hufikiria Athi River, kule kwenye viwanda vya saruji na chuma. Lakini hebu msomaji, shuka garini pale Masii, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, ufuate mngurumo hadi kwenye kisiagi. Humo ndani mna mota, mna mkanda, na mna kijana aliyejaa unga hadi kope. Je, mkanda huo umefunikwa?

Mota ya kawaida ya umeme huzunguka yapata mara 1,400 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 20 kwa sekunde moja. Ncha ya leso au mkono wa shati ukinaswa, mwenyewe hapati hata wakati wa kupiga kelele. Baadaye majirani husema ni bahati mbaya. Mimi sikubali. Aliyeondoa kifuniko ili abadilishe mkanda, kisha asikirudishe, alijua alichofanya. Tajiri aliyekiona kimelazwa kando ya ukuta juma zima alijua pia.

Kifuniko chenyewe si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Fundi wa jua kali hukiunda kwa vyuma na wavu. Swichi nayo iwe karibu na anayemimina mahindi, si nyuma ya mashine. Mahindi yakikwama, zima, ngoja mashine isimame kabisa, ndipo utie mkono. Nanyi wanafunzi mnaosaidia kisiagini wakati wa likizo, msiuguse mkanda unaozunguka, hata mkiwaona wakubwa wakifanya hivyo!

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 haijali ukubwa wa jengo. Inahusu kila mahali panapofanyiwa kazi, na inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe. Penye wafanyikazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama. Mfanyikazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri haruhusiwi kumrudisha pale kabla ya kuiondoa.

Na mtu akishaumia? Ipo sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya fidia, inayomtaka mwajiri awe na bima. Hata mwanagenzi ametajwa humo. Dai hupelekwa kwanza kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani, jambo ambalo Mahakama ya Juu ilithibitisha Desemba 2019. Muda ni miezi 12 tangu siku ya ajali.

Hapo ndipo jamaa hupoteza haki yao. Tajiri huja hospitalini na matunda na shilingi kidogo, akaahidi kwamba mambo yatamalizwa nyumbani, na miezi ikayoyoma. Pokea matunda, shukuru. Kisha andika tarehe na saa ya ajali na majina ya walioiona, omba ripoti ya daktari, na uwasilishe dai kabla mwaka haujaisha.