Mbuzi ikipigwa nyumbani, bibi na watoto nao wako hatarini

Katika kartie za Butembo na Beni, majirani wanajua sauti za kila nyumba. Bwana anarudi usiku amelewa kasiksi. Anapiga mbwa teke, sufuria inaanguka, kisha mama na watoto wanaanza kulia. Kesho yake ku kisima watu wanaongea juu ya kilio cha mama. Juu ya mbwa hakuna anayesema kitu. Lakini mbwa ndiyo ilipigwa wa kwanza.

Kuna watu waliojifunza jambo hili kwa makini. Mwaka 1998, mtaalamu wa Marekani Frank Ascione alitoa matokeo ya mazungumzo na wanawake 38 waliokimbilia nyumba ya usalama, juu bwana zao walikuwa wanawapiga. Kati ya wale waliokuwa na mnyama nyumbani, 71 kwa mia walisema bwana alitisha kuumiza ile mnyama, ao aliiumiza kweli, ao aliiua. Wengine walisema walichelewa kukimbia juu hawakujua mnyama itabaki na nani.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wazungu, wanaolala na mbwa kitandani. Hapana. Kwetu jambo ni nzito zaidi, juu mnyama wa nyumbani ni feza. Mama wa Butembo asiye na konti ku banki anaweka akiba yake katika kobayi chini ya meza ya jikoni, kuku tano, mbuzi moja iliyofungwa nyuma ya nyumba. Kobayi zinauzwa kununua chumvi na dawa. Mbuzi inangojea mwezi wa kulipa masomo. Na kwa jamaa zilizokimbia mauaji katika teritware ya Beni, yaliyoanza mwezi wa 10 mwaka 2014, mbuzi moja iliyovuka nao ndiyo mali yote iliyobaki.

Bwana mwenye kutaka kumshika bibi yake kwa woga anajua hayo vizuri. Anaweza kukata shingo ya mbuzi ya bibi siku wamegombana, na kumwambia aipike. Anaweza kuipeleka sokoni bila kusema neno. Wengine hawagusi kitu, wanasema tu: « Siku utaenda kwenu, utakuta zote zimekufa. » Hapo hakuna kidonda cha kuonyesha ku hospitali, na bibi amekwisha kuelewa. Watoto pia wameelewa. Mtoto aliyelisha ile mbuzi tangu ilipozaliwa, akaona baba anaivunja mguu kwa mpini wa jembe, anajifunza mambo mawili: kwamba baba anaweza, na kwamba hakuna atakayemzuia. Wengine baadaye wanaanza kutesa paka na watoto wa mbwa, na watu wanasema ni mchezo.

Kwa Wanande mbuzi iko pia katika ndoa yenyewe, juu mahari ilikuwa inahesabiwa kwa mbuzi. Ni heshima kati ya jamaa mbili. Lakini heshima ile inageuka kamba wakati binti anarudi kwao na macho yamevimba, na wazee wanaanza kuwaza namna ya kurudisha mahari badala ya kuuliza nani amempiga. Wengi wanarudishwa kwa bwana wiki ile ile.

Majirani wakijaribu kuingia, jibu linajulikana: « Mbuzi ni yangu, nyumba ni yangu, munataka nini? » Kufwatana na sheria, jibu hilo halitoshi. Kodi ya jamaa ya mwaka 1987 ilibadilishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, na tangu hapo bibi haombi tena ruhusa ya bwana ili afanye tendo la kisheria. Kama bibi na bwana hawakuchagua mpango mwengine wa mali, kile walichopata ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na kile bibi alikuwa nacho mbele ya ndoa kinabaki chake. Taabu ni kwamba wengi hawajaandikisha ndoa ku komine, na bila karatasi kujitetea kunakuwa kugumu. Kwa upande wa kupiga mtu, hakuna cha kubishana: sheria ya makosa inaadhibu mapigo na vidonda, hata kama aliyepigwa ni bibi ya mtu.

Woga hauishi kwa bibi mmoja mmoja. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika inchi nzima mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba wanawake 52 kwa mia, wa miaka 15 hadi 49, walipigwa walau mara moja tangu walipofika miaka 15. Kwa hiyo nyumbakumi akisikia kwamba mbuzi ya nyumba fulani imekatwa kwa hasira, asicheke. Aulize kwa upole mama na watoto wako namna gani, amuulize wakati bwana hayupo, na aandike tarehe. Muganga wa mifugo anayeitwa kufunga mguu wa mbwa ile ile mara tatu, naye ameona kitu. Mama akipeleka mambo mbele ya polisi ao parke, tarehe hizo na majina ya walioona zinamsaidia kuliko maneno matupu.

Kubaki swali la mnyama siku ya kukimbia. Jimbo la Maine, Marekani, liliruhusu tangu 2006 tribinali kulinda mnyama pamoja na mtu aliyepigwa. Sisi hatuna hiyo, lakini tuna desturi ya kulishiana: mbuzi inawekwa kwa mtu mwengine, akailisha, na ikizaa wanagawana watoto. Mama anayeona mambo yanaharibika anaweza kupeleka mbuzi yake kwa dada ao kwa mwenzake wa likelemba mapema, mbele ya shahidi wawili, kama malisho ya kawaida. Bwana hatashangaa, juu kila mtu anafanya hivyo. Kobayi zenyewe zinaingia ndani ya kitunga kimoja.